Gridi ya muziki ni nini, na inafanya kazi gani darasani?

Gridi ya muziki ni wimbo uliochorwa kwa viboksi. Kutoka kushoto kwenda kulia unasoma muda, na kutoka chini kwenda juu unasoma sauti: nene ziko chini, nyembamba ziko juu. Mtoto akigusa kiboksi kinajaa rangi. Akibonyeza kitufe cha kucheza, mstari unapita kwenye viboksi vyote na kila kilichojaa kinalia zamu yake ikifika. Ndiyo hivyo tu, na ndiyo maana mwanafunzi wa gredi ya 4 ambaye hajawahi kuona noti anaweza kuwa na tuni yake kabla kengele ya mapumziko haijalia.

Gridi inayojulikana zaidi na walimu ni Song Maker, iliyomo ndani ya Chrome Music Lab, mkusanyiko wa michezo ya sauti ambao Google waliufungua mwaka 2016. Haina malipo, haidai akaunti wala nywila, na inafunguka kwenye kivinjari cha kompyuta, tableti au simu. Rangi zake hazikuwekwa kwa urembo. Do ya chini na Do ya juu zina rangi moja, kwa hiyo mtoto anaona kwa macho kile mwanakwaya anachokijua kwa sikio, kwamba hizo ni sauti moja iliyopanda ngazi.

Kwenye mipangilio kuna skeli, yaani ngazi ya sauti, yenye sauti tano. Ukiichagua, karibu kila unachokijaza kinapendeza, hata ukifumba macho. Mimi naona hapo pana mtego. Mtoto atamwaga rangi ovyo, kitatoka kitu kitamu, naye ataamini ametunga. Basi mwalimu amuulize: ukikitoa kiboksi hiki, wimbo unapoteza nini? Asipokuwa na jibu, akitoe, asikilize tena.

Kwa darasa la Nairobi, zoezi zuri la kuanzia liko barabarani. Makanga akigonga bodi ya matatu kumwambia dereva ang'oe, huo tayari ni mdundo, na hakuna mtoto wa Umoja au Kawangware asiyeujua. Wanafunzi waupige kwa makofi kwanza, wahesabu mapigo, kisha wajaze mistari miwili ya chini kabisa, ambayo ndiyo ya ngoma. Makofi yatangulie kila mara. Anayeanza na skrini huishia kutafuta mdundo kwa kubahatisha.

Gridi hufunguka ikiwa na mapigo 4 katika kila kipimo, yaani kila fungu la mapigo linalojirudia, na kila pigo limegawanywa mara 2. Kwa nyimbo nyingi za redioni hiyo inatosha. Sasa jaribu kuingiza chakacha, ngoma ya Waswahili wa Pwani, uone viboksi vinavyogoma: kila unapoweka ngoma, inaangukia pabaya. Kosa si la mwanafunzi, maana chakacha inatembea kwa tatutatu. Rudi kwenye mipangilio, gawanya kila pigo mara 3, na mdundo unakaa mahali pake. Mwalimu wa hesabu naye ana lake hapo, kwa sababu kiboksi kilichokuwa nusu ya pigo sasa ni theluthi. Wa sayansi atapata chake jirani tu, kwenye mchezo wa nyuzi uliomo katika mkusanyiko huohuo: uzi wa nusu ya urefu hutoa sauti iliyo juu kwa oktavo nzima, yaani kutoka Do hadi Do ya juu yake.

Lakini kuna ambayo gridi haiyawezi. Inagonga viboksi kwa nafasi zilizo sawasawa kabisa, ilhali mpiga isukuti mzuri, ile ngoma ya Waluhya, huchelewesha kidogo hapa na kuwahisha pale, na utamu uko hapohapo. Nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, nayo ina nyuzi 8 ambazo mpigaji huzikaza kwa sikio lake, na sauti zake zinaweza kuangukia katikati ya mistari miwili ya gridi, mahali ambapo huwezi kujaza chochote. Watoto waambiwe hivyo wazi, tena wachezewe nyatiti halisi au rekodi yake, wasije wakadhani ala za kwao ndizo zilizokosea.

Na kama shule ina kompyuta mbili? Daftari la hesabu la viboksi ni gridi tayari. Kila kundi lichore wimbo wake kwa penseli za rangi, liucheze kwa midomo na kwa kugonga dawati, kisha ndipo lipange foleni ya kuuingiza kwenye mashine.

Kwa kuwa hakuna akaunti, ukihifadhi kazi unapewa kiungo tu. Kiungo kikipotea, wimbo nao umepotea, na ukibadilisha kitu na kuhifadhi upya unapewa kiungo kingine. Kinakili hapohapo, kitume kwenye WhatsApp ya darasa pamoja na jina la kundi, kabla mtoto wa foleni ya pili hajafunga ukurasa.