Autu ni nini katika besiboli?

Kofia yenye herufi N na Y zilizofungamana imejaa Arusha, kuanzia mitumba ya Kilombero hadi vichwani mwa vijana wa bodaboda. Ni nembo ya New York Yankees, timu ya besiboli ya Marekani ambayo watani wake wa jadi ni Boston Red Sox. Wanaoivaa ni wengi, wanaouelewa mchezo ni wachache, na naamini kinachowakwamisha ni kitu kimoja: wanatafuta saa ya mechi. Haipo. Besiboli inahesabu autu.

Autu ni kutolewa kwa mchezaji wa upande unaopiga. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, anakimbia kituo hadi kituo, na akirudi salama pale alipoanzia timu yake inapata pointi. Anatolewa mpira wake ukidakwa kabla haujagusa chini, mpira ukimtangulia kituo cha kwanza, akiguswa nao akiwa nje ya kituo, au akishindwa mara tatu kuupiga. Zikitimia autu tatu, timu zinabadilishana. Kila upande ukishapiga, hiyo ni iningi moja, na mechi ina iningi tisa. Maana yake kila timu ina autu 27.

Hapo ndipo utamu ulipo. Kwenye mpira wa miguu timu ikiongoza 1–0 dakika ya 85, kipa anajilaza, mpira unabutuliwa jukwaani. Pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid tumeyaona. Besiboli haikupi mwanya huo. Hata uongoze kwa pointi kumi, lazima umrushie mpinzani mpira na umtoe, mmoja baada ya mwingine, hadi autu ya mwisho.

Yankees wanalijua hilo kwa uchungu. Oktoba 17, 2004, uwanja wa Fenway Park, Boston, walikuwa wanaiongoza Boston Red Sox kwa mechi 3–0 katika mfululizo ambao wa kwanza kushinda mechi nne anasonga mbele, na mechi hiyo ya nne waliongoza 4–3. Iningi ya tisa, zilibaki autu tatu tu Boston waage. Mrushaji wa Yankees alikuwa Mariano Rivera, hodari kuliko wote wa kumalizia mechi. Akampa Kevin Millar wa Boston kituo cha kwanza bure, kwa kumrushia mipira minne mibovu. Boston wakambadilisha Millar, wakaingiza mtu wa mbio, Dave Roberts. Kila mtu uwanjani alijua atachomoka. Rivera akarusha mara tatu kituo cha kwanza kumzuia, wapi. Mpira ulipoelekea kwa mpigaji, Roberts akatimka kuiba kituo cha pili. Mkono wake ukagusa kituo kabla Derek Jeter wa Yankees hajamgusa na mpira. Angechelewa kidogo tu, ingekuwa autu. Bill Mueller wa Boston akapiga, Roberts akafika nyumbani, yaani pale mpigaji anapoanzia, 4–4.

Sare ikiendelea, iningi huongezwa. David Ortiz wa Boston akaimaliza 6–4 katika iningi ya 12, baada ya saa tano na dakika mbili. Huku Arusha ilikuwa saa mbili asubuhi imeshapita. Boston wakashinda mechi tatu zilizofuata, kisha ubingwa, wa kwanza kwao tangu 1918.

Tangu 2023 ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina saa inayombana mrushaji asichelewe kurusha. Inaharakisha mchezo, ila haimalizi mechi. Autu 27 bado lazima zipatikane.