Je, wajua kuna dawa ya saratani inayoweza kufuta alama zako za vidole?

Desemba 2008 mzee mmoja wa miaka 62 kutoka Singapore alisafiri kwenda Marekani kusalimia ndugu zake, kufika uwanja wa ndege akaambiwa aweke vidole kwenye mashine kama abiria wengine, mashine haisomi kitu. Vidole vipo, alama hakuna. Wakamshikilia kwa muda wa saa nne hivi mpaka walipojiridhisha kwamba hana shida, ndo wakamwachia apite. Kumbe mzee alikuwa na saratani iliyoanzia nyuma ya pua, na kwa zaidi ya miaka mitatu alikuwa anameza vidonge vinavyoitwa kapesitabini. Daktari wake aliiandika habari hii kwenye jarida la kitabibu mwaka 2009 akashauri wagonjwa wanaotumia dawa hiyo wakisafiri wabebe barua ya hospitali.

Na wala haiishii uwanja wa ndege. Hapa Tanzania toka 2019 laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole, na kapesitabini ni dawa ya kawaida kabisa kwenye saratani ya utumbo mpana na ya matiti, tena toka 2015 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo mama anayehangaika kwa wakala, kila akiweka kidole kinakataa, anaambiwa pangusa mkono, anapangusa, bado, inawezekana kabisa ni vidonge hivyo vya saratani anavyomeza. Uholanzi waliwapima wagonjwa wa dawa hii wakakuta kama asilimia 14 alama zao zimefifia vibaya sana, ila zikarudi ndani ya wiki mbili hadi nne baada ya kuacha dawa. Kama unajua unakaribia kuanza hiyo dawa na una laini au kitambulisho hujakisajili, maliza hayo mambo kwanza.

Haya, dawa hii pia hubabua ngozi ya viganja na nyayo. Sasa kwa nini mikono? Mbona dawa inamezwa kwa mdomo, inaenda tumboni, halafu kinachobabuka ni kiganja na unyayo?

Dawa nyingi za kemo, yaani tiba ya saratani kwa kemikali, kazi yake ni kuua seli zinazogawanyika haraka, maana seli za saratani ndo tabia yake hiyo. Shida mwilini kuna seli nyingine zenye afya nazo zina haraka hiyohiyo, za mizizi ya nywele, za mdomoni, za utumbo, za kucha, na za ngozi ambayo inajitengeneza upya muda wote. Hapo unaelewa kwa nini nywele zinadondoka wiki mbili tatu baada ya dozi ya kwanza. Ila kapesitabini ina mambo yake. Kile kidonge kinapomezwa bado hakijawa dawa yenyewe, kinabadilishwa hatua kwa hatua mwilini, na hatua ya mwisho inafanywa na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini) ambacho kwenye uvimbe wa saratani huwa kingi kuliko sehemu nyingi za mwili. Wazo lilikuwa zuri sana, sumu ikamilikie kulekule kwenye uvimbe. Lakini watafiti walipolinganisha ngozi ya kiganja na ngozi ya mgongo wakakuta kiganjani kimeng'enya hicho kipo kwa wingi zaidi, na seli za pale zinagawanyika kwa kasi zaidi. Yaani kiganja chenyewe kinaipika dawa. Ongeza na msuguano wa kila siku, kufua, kutwanga, kulima, kutembea juani na kandambili, vimishipa vidogo vya damu vinaumia na joto linavipanua damu inajaa zaidi. Kuna dawa nyingine ya saratani, ile doksorubisini iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta, hiyo imeonekana kutoka na jasho kabisa, na viganja na nyayo ndo sehemu zenye vitundu vya jasho vingi kuliko karibu popote mwilini.

Sasa kuna jambo ambalo naona haliongelewi vya kutosha. Vitabu vingi na vipeperushi vinamwambia mgonjwa aangalie kama mikono imekuwa myekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi huo wekundu mara nyingi hauonekani! Kinachoonekana ni kiganja kuwa cheusi, mistari ya kiganja inakolea kama mtu aliyeshika masizi, nyayo zinapata mabaka, ngozi inakakamaa na kung'aa. Mgonjwa anasubiri wekundu hauji, nesi naye akitupia macho haraka haoni, siku zinakwenda. Kwa hiyo usitegemee macho peke yake, sikiliza mkono wenyewe. Inaanza na ganzi, vichomichomi, joto, mkono unahisi umevimba. Ikifika kupata taabu kufunga vifungo vya shati au kushika kikombe cha chai ya moto, hiyo tayari ni hatua ya pili ya tatizo hili la mikono. Ya tatu ni malengelenge, ngozi kuchubuka, kutembea hadi msalani ni mateso.

Na tafadhali usikae kimya. Wapo wanaoficha wakiogopa daktari atakata dawa saratani irudi, na wapo wanaoacha wenyewe kimyakimya kwa sababu majirani wameanza maneno, mara kalogwa mara ana ugonjwa mwingine. Yote mawili ni hatari. Ikifika hatua ya pili utaratibu ni daktari kusimamisha vidonge mpaka mikono itulie, halafu mnaendelea, na ikihitajika dozi inapunguzwa. Kusimama huko kumo kwenye mpango wa matibabu, sio kwamba umefeli.

Nyumbani, maji ya moto epuka, kufua na kutwanga waachie wengine kwa muda, viatu vilaini vyenye nafasi, mafuta ya mgando au krimu yenye yurea mara kwa mara hata kabla ngozi haijaanza kukauka. Ndimu, majivu, kusugua na jiwe, hapana, ngozi hiyo tayari imekonda. Vitamini B6 ilisifiwa sana zamani lakini ilipopimwa vizuri haikuzuia kitu. Kilichonifurahisha mimi ni utafiti wa India uliotoka 2024, wagonjwa 264 waliokuwa wanaanza kapesitabini, nusu wakapaka mikononi jeli ya diklofenaki mara mbili kwa siku, ileile ya kuchulia misuli inayouzwa kila duka la dawa, nusu wakapaka jeli isiyo na dawa. Waliofika hatua ya pili au ya tatu walikuwa asilimia 3.8 kwa wenye diklofenaki na 15 kwa wale wengine. Muulize daktari wako kabla hujaanza, na usiipake kwenye ngozi iliyochubuka.

Kitu kingine cha kumwambia daktari ni vidonge vya kuongeza damu, hasa foliki asidi. Watu wanavimeza wakidhani vinawasaidia kupata nguvu, kumbe foliki asidi inaongeza makali ya kapesitabini, mikono na tumbo vyote vinaharibika zaidi.

Kemo za dripu nazo zina alama zake. Kucha kuwa nyeusi au kupata mistari, ulimi kuwa na madoa, mstari mweusi kufuata mshipa uliochomwa dawa, hayo kwa watu weusi ni ya kawaida sana na mengi hufifia taratibu dawa zikiisha, kucha ya mkono inachukua kama miezi sita kuota yote upya na ya mguu hata mwaka. Isipokuwa kimoja tu. Dripu ikiwa inaingia ukasikia inawaka au ngozi inavimba pembeni ya sindano, hasa ile dawa nyekundu (doksorubisini), usivumilie ukidhani ndo ilivyo, dawa inavuja nje ya mshipa na inaweza kuozesha nyama, mwite nesi palepale aifunge kabla hata hujamaliza sentensi.