wlan0 haijapotea, imebadilishwa jina tu

Watumiaji wengi wa Linux wakisoma kumbukumbu za mfumo kwa amri ya dmesg na kukuta "wlp3s0: renamed from wlan0", huamini kadi ya Wi-Fi imeharibika au draiva imegoma. Si kweli. Mstari huo unaonyesha kazi imefanyika inavyotakiwa.

Kerneli, yaani kiini cha mfumo, huipa kadi jina la awali, wlan0, kwa zamu ya kugunduliwa. Ukiwa na kadi mbili, zamu hiyo inaweza kugeuka kompyuta inapowashwa upya, na kanuni za usalama ulizoandikia kadi moja zikaangukia nyingine. Hiyo ni hatari ya kweli. Ndiyo maana tangu toleo la 197 la systemd (programu inayoendesha huduma za mfumo), mwaka 2013, sehemu yake inayosimamia vifaa, udev, inaweza kutoa jina kwa kufuata mahali kadi ilipochomekwa: wl ni mtandao usio na waya, p3 ni basi (njia ya ndani ya kuunganisha vifaa) ya PCI namba 3, s0 ni nafasi namba 0. Kinachowachanganya hata mafundi ni hesabu: lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vya PCI, huandika kwa kizio cha 16, jina la kadi kwa kizio cha 10. Kwa hiyo anwani 00:14.3 ya lspci ndiyo wlp0s20f3, kwa kuwa 14 ya kizio cha 16 ni 20 ya kizio cha 10, na f3 ni ile .3 ya mwisho.

Skripti inayotaja wlan0 itakwama, naam. Badilisha jina ndani yake, usisakinishe mfumo upya. Amri ya ip link itakuonyesha jina la sasa.

Hitilafu halisi ina sura nyingine. Tafuta mstari wenye "firmware" na "failed with error -2", yaani faili ambalo kadi inalihitaji halikupatikana, au endesha rfkill list uone kama redio imezimwa.