Alice Hamilton na vumbi la risasi

Mwanzoni mwa miaka ya 1900, mfanyakazi wa kiwanda nchini Marekani akisokotwa na tumbo huku viganja vimelegea haviinuki kwa sumu ya risasi (ile metali nzito, si ya bunduki), mwajiri alikuwa na jibu tayari: hanawi mikono kabla ya kula. Daktari Alice Hamilton hakuridhika na jibu hilo.

Alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893. Mwaka 1897 akahamia Hull House, nyumba ya huduma za jamii katika mtaa wa wahamiaji maskini jijini Chicago. Majirani zake ndio waliokuwa wakirudi kutoka viwandani wamepooza.

Mwaka 1910 jimbo la Illinois lilimpa kazi ya kuongoza uchunguzi wa magonjwa ya kazini. Aliufanya kwa miguu: alipekua mafaili ya hospitali, akawauliza wauza dawa, mapadri na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Mgonjwa mmoja alikuwa akipaka enameli, mipako migumu inayong'aa, kwenye mabafu. Kiwandani Hamilton alionyeshwa kazi isiyo na risasi hata chembe. Akamfuata mgonjwa nyumbani, akaelezwa kuwa kazi yenyewe hufanyika kwingine. Akatafuta sampuli ya ile enameli, ikapimwa: risasi tele.

Hoja yake kuu ilikuwa vumbi. Risasi inayovutwa kwa pumzi huingia kwenye damu kwa wepesi kuliko inayomezwa, kisha mwili huidhania kalsiamu na kuihifadhi mifupani kwa miaka mingi. Sabuni ni nzuri, lakini haioshi mapafu. Kinachomwokoa mfanyakazi ni kulowesha vumbi au kulifyonza kabla halijamfikia puani, na hilo ni jukumu la mwenye kiwanda. Mwaka 1911 Illinois ilipitisha sheria ya magonjwa ya kazini.

Chuo Kikuu cha Harvard kilimwajiri mwaka 1919, mwanamke wa kwanza kufundisha hapo, ila kwa masharti: asiandamane na wenzake kwenye mahafali, asikanyage klabu ya walimu, asidai tiketi za mechi. (Hili la tiketi hunichekesha kila mara.)

Mwaka 1925, kwenye mkutano wa serikali jijini Washington, alionya dhidi ya kutia risasi kwenye petroli. Hakusikilizwa. Alifariki mwaka 1970 akiwa na miaka 101, na petroli hiyo ilikuwa ingali ikiuzwa. Nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari, Aljeria, iliacha mwaka 2021.