Kutanguliwa: mwenzako akitoa wazo lako kabla yako

Kutanguliwa ni hivi: una wazo, umelilea miezi, labda ushaanza kurekodi ama kuandika, halafu siku moja unafungua simu unakuta mtu mwingine kabisa, pengine hata hakujui, kashalitoa. Mada ile ile, mwanzo unafanana, mpaka swali ulilotaka kuuliza wewe yeye kashaliuliza na kashajibiwa, na yako bado imelala kwenye drafti. Wanasayansi wanalijua sana hili, washairi wanalijua, na sasa vijana wetu wa kontenti hapa Lamu wanalijua kwa sababu kisiwa ni kidogo na kamera zimekuwa nyingi.

Naliandikia kwa sababu naona linavunja watu. Mtu ana kazi nzuri, imebaki kidogo tu, anaona ya mwenzake anafunga kila kitu na kusema basi hakuna maana tena. Mimi sikubali kwamba hakuna maana, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tutenganishe mambo matatu maana watu wanayachanganya. Kutanguliwa ni nyote wawili kufika kwenye wazo moja kila mtu kwa njia yake, mwenzako akawahi. Kuigwa ni mtu kaona yako akafanya inayofanana nayo. Kuibiwa ni mtu kachukua kitu chako chenyewe, klipu yako, picha yako, maneno yako, akaweka jina lake. Uchungu wa hayo matatu unafanana sana siku ya kwanza, ndio maana mtu anakimbilia kusema "nimeibiwa" wakati katanguliwa tu, na neno hilo likishatoka kwenye status ya WhatsApp halirudi, kesho unakutana na yule yule mtaani Langoni, na mamake na mamako ni watu wa chama kimoja.

Sasa kwa nini watu wasiojuana wafikie wazo moja? Kwa sababu wanatazama kitu kimoja wakati mmoja. Wavuvi wawili wakitoka Shela alfajiri moja, msimu mmoja, pepo moja, wote wakirudi na nguru hakuna anayesema kaibiwa samaki. Maulidi yakikaribia kila mwenye simu anawaza msikiti wa Riyadha na mwasisi wake Habib Swaleh na mashindano ya punda. Mji wa kale uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mgeni yeyote mwenye kamera anaanza na milango ya nakshi, anaenda kwa punda, anamalizia na jahazi jua linapozama. Mambo yamekaa wazi, ukiliona wewe jua kuna mwengine kaliona.

Na si Lamu tu. Mwaka 1922 wataalamu wawili wa Marekani, William Ogburn na Dorothy Thomas, walikusanya uvumbuzi na ugunduzi uliofanywa na zaidi ya mtu mmoja, kila mmoja kivyake, wakapata orodha ya mifano 148. Hoja yao ilikuwa kwamba jamii ikishafika mahali fulani, vifaa vikiwepo na maswali yakiwepo, jibu litatoka tu, kama si kwa huyu basi kwa yule. Kwenye sanaa mfano ninaoupenda ni wa vikatuni: Machi 12, 1951 Uingereza alitoka mtoto mtundu anaitwa Dennis the Menace, na siku hiyo hiyo kwenye magazeti ya Marekani akatoka mtoto mtundu anaitwa Dennis the Menace. Wachoraji wawili, bahari kubwa katikati, hakuna aliyemwona mwenzake. Wa Uingereza nywele nyeusi zimesimama na fulana ya mistari myekundu na myeusi, wa Marekani nywele za rangi ya dhahabu na ovaroli. Wote wawili waliendelea kuchorwa miaka na miaka, na anayempenda mmoja wala hamchanganyi na wa pili.

Lakini kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha Charles Darwin, na hapa nitakaa kidogo. Darwin alianza kulifanyia kazi wazo la jinsi viumbe wanavyobadilika tangu miaka ya 1830, akaliandika muhtasari 1842, akalipanua 1844, akaliweka. Anakusanya ushahidi, anaongeza, anahofia watu watasema nini. Miaka karibu 20 inapita. Juni 1858 inamfikia barua na makala kutoka kisiwa cha Ternate, kwenye visiwa vya Indonesia ya leo, imeandikwa na Alfred Russel Wallace, mtu anayeishi kwa kukamata na kuuza ndege na wadudu, na wazo aliloandika lilimjia akiwa kitandani na homa. Darwin anasoma anakuta ni nadharia yake mwenyewe, karibu kwa maneno yake mwenyewe. Alimwandikia rafiki yake Lyell kwamba upya wote wa kazi yake utavunjika. Na Wallace hakumwibia kitu, wote wawili walikuwa wamesoma kitabu kimoja cha Malthus kuhusu idadi ya watu na chakula, na wote wawili walisema wenyewe kwamba kitabu hicho ndicho kilichowasha taa.

Ona alichofanya Darwin. Hakuificha ile barua, na angeweza. Aliwakabidhi marafiki zake Lyell na Hooker waamue kinachofaa, na kazi za wote wawili zikasomwa kikao kimoja cha wanasayansi London tarehe 1 Julai 1858. Wallace hakuulizwa, alikuwa mbali mno, na hilo watu wanalilaumu mpaka leo na mimi naona wana haki. Darwin mwenyewe hakuhudhuria kwa sababu mtoto wake mdogo alikuwa kafariki siku chache kabla. Na kile kikao hakikutikisa dunia hata kidogo. Kilichotikisa ni kitabu alichokaa akakiandika baada ya hapo, kikatoka Novemba 1859, kwa sababu mle ndani kulikuwa na ule ushahidi wa miaka karibu 20 ambao mtu mwengine hana. Wazo lilikuwa la wawili. Kile kitabu ni yeye tu angeweza kukiandika.

Hapo ndipo nataka mtu aliyetanguliwa atazame. Kuna binti mmoja wa mtaani kwetu alikuwa anatengeneza filamu fupi ya kofia za viua, babake mkubwa ndiye mshonaji. Karekodi weee, kisha chaneli moja ya watu wa bara wakatoa filamu ya kofia za Lamu, ina droni inaruka juu ya mtaa wa Mkomani, ina muziki, watazamaji mpaka basi. Alilia, akataka kufuta. Tulikaa na simu yake tukaitazama ile ya kwao mara moja tu, halafu tukafungua zake. Ya kwao mshonaji anaonekana sekunde kidogo, mikono tu, na sauti ya mtu mwingine inaeleza. Yake yeye kuna mzee kakaa barazani, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa, anatoboa kitundu, anakizungushia uzi pole pole, na anahesabu kwa sauti, akikosea hesabu anamwita mkewe ndani amkumbushe ameanza wapi, na mke anajibu bila kutoka nje kwa sababu amemsikiliza miaka yote. Hakuna droni inayoweza kuipata hiyo. Akaacha ule utangulizi wa historia ya kofia ambao wenzake walishausema vizuri, akaanza moja kwa moja na mzee anahesabu, filamu ikawa fupi zaidi na bora zaidi.

Kwa hivyo dawa yenyewe ni ndogo ndogo. Siku ya kwanza usiandike chochote hadharani, wala usikomenti kwa yule mtu, wala usiitazame kazi yake mara kumi usiku, utajiumiza bure na utaanza kuona yake imekamilika na yako ina mapengo tu. Uchungu upo, ni haki yako, ni kama umefiwa na kitu ulichokilea, hebu upite. Ukitulia chukua daftari uandike kabla hujaangalia tena: mimi nina nini ambacho yeye hana? Ni nani amezungumza na mimi, niko wapi ambapo yeye hawezi kukaa, ni swali gani hakuuliza. Ukikuta kweli hakuna kitu, na inatokea, basi ile kazi iache kwa roho safi uhamie nyengine. Ila mara nyingi kitu kipo.

Na watu wa hapa wasiseme hili ni geni. Washairi wetu wa Pate na Lamu walikuwa na takhmisi: mshairi anachukua mishororo miwili ya mwenzake aliyemtangulia, anaongeza mitatu yake, ubeti unakuwa wa mishororo mitano na sauti mbili zinasikika ndani yake. Aliyekuja wa pili hakujificha kwamba ni wa pili, na alisifiwa kwa ufundi wa ile mitatu yake. Hilo unaweza kulifanya leo, unamtaja mwenzako kwa jina, unasema ameeleza hili na hili vizuri, mimi naongeza hapa. Hata sayansi imeanza kulielewa, jarida la PLOS Biology tangu 2018 linapokea utafiti wa aliyetanguliwa ikiwa ameuleta ndani ya miezi sita baada ya wa kwanza kutoka, kwa sababu watu wawili kupata jibu moja kila mtu kivyake ni ushahidi kwamba jibu ni la kweli.

Sheria nayo uijue ili usipoteze nguvu. Wazo tupu halina mwenyewe kisheria. Mkataba wa TRIPS wa shirika la biashara duniani, ambao Kenya imo, unasema kwenye kifungu cha 9 kwamba hakimiliki inalinda namna jambo lilivyoelezwa na si wazo lenyewe. Kwa hiyo "filamu kuhusu kofia" ni ya kila mtu, lakini filamu yako, ile sauti, ule mpangilio wa picha, yale maneno uliyoandika, hayo ni yako tangu ulipoyarekodi au kuyaandika, hata kama hujasajili popote. Shairi ulilotunga linalindwa uhai wako wote na miaka 50 baada yako.

Na kama ni wizi kweli, usinyamaze kwa kuona haya. Klipu yako imekatwa ikawekwa kwa mtu, au ulipeleka wazo lako lote limeandikwa kwa watu wenye pesa wakakwambia hatuhitaji kisha ukaliona limetoka neno kwa neno, hapo tunza kila kitu: faili asili zenye tarehe kwenye simu, jumbe mlizoandikiana, drafti za zamani hata kama ni mbaya. Kazi ikiwa kubwa isajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, usajili ni wa hiari na unafanyika mtandaoni, unakusaidia kuonyesha nani alikuwa nayo lini. Na kabla hujampelekea mtu mpango wako mzima, mpelekee ukurasa mmoja tu, mwambie atie saini kwamba atautunza kama siri, akikataa kutia saini usimpe zilizobaki.