Ikoni ya folda: ni nini, inakaa wapi, na kuibadilisha maana yake nini

Kubadilisha ikoni ya folda ni kuipa folda picha nyingine badala ya ile iliyokuja na kompyuta. Folda ya njano inageuka ya bluu, au inavaa picha ya kamera, ya kitabu, ya gitaa. Jina linabaki lilelile, faili zilizomo haziguswi, na mahali pake kwenye diski ni palepale. Kinachobadilika ni sura.

Kwa haraka, maana ndiyo hiyo. Lakini haimfai mtu aliyeweka ikoni nzuri leo, wiki ijayo akaikuta imerudi ya njano, au aliyeihamishia folda yake kwenye kompyuta nyingine na sura ikabaki nyuma. Huyo anahitaji kujua ikoni inakaa wapi, na ndilo swali ninalotaka kulijibu hapa kwa kirefu.

Ikoni si sehemu ya folda yenyewe. Kwenye diski, folda ni orodha tu: majina ya faili na maelezo ya mahali zilipo. Haina rangi wala umbo. Anayechora ile picha unayoiona ni programu inayokuonyesha faili zako, yaani File Explorer kwenye Windows au Finder kwenye Mac, na huionyesha kila unapofungua dirisha. Isipoagizwa lolote, inazichora folda zote kwa mtindo mmoja. Kwa hiyo kubadilisha ikoni ni kuiachia programu hiyo agizo: ukifika kwenye folda hii, chora picha ile. Mfumo mmoja na mwingine hutofautiana hasa katika mahali agizo hilo linapoandikwa.

Neno lenyewe, ikoni (wapo wanaoandika aikoni), liliingia kwenye kompyuta kupitia David Canfield Smith, katika tasnifu yake ya mwaka 1975 ya Chuo Kikuu cha Stanford. Baadaye alikuwa miongoni mwa waliobuni kompyuta ya Xerox Star, iliyotoka 1981 ikiwa na kioo kilichofanywa kifanane na meza ya ofisi: karatasi, vikapu vya barua, na folda za kadibodi. Lile sikio dogo linalochomoza juu ya folda kwenye kioo chako limetoka kwenye kadibodi hizo. Mwaka 1984 ikaja Macintosh, ambayo ikoni zake zilichorwa na Susan Kare kwenye karatasi ya miraba, miraba 32 kwa 32, kila mmoja ama mweusi ama mweupe. Uhuru wa mtumiaji wa kawaida kubandika picha yake mwenyewe juu ya folda ulifika kwenye Mac na System 7, mwaka 1991.

Turudi kwenye agizo. Nitaanza na Windows, maana huko ndiko unakoweza kuliona kwa macho.

Bofya folda mara moja uichague, kisha bonyeza Alt na Enter pamoja. Dirisha la sifa za folda litafunguka. Nenda kwenye kichupo cha mwisho kulia. Chini yake kuna kitufe cha kubadilisha ikoni. Ukikibonyeza unaonyeshwa mkusanyiko wa ikoni za Windows yenyewe, zilizofungwa pamoja ndani ya faili kama shell32.dll na imageres.dll, na kuna kitufe cha kutafuta picha yako mwenyewe. Chagua, kubali, funga. Kitufe cha kurudisha ikoni ya mwanzo nacho kiko kwenye dirisha hilohilo.

Sasa ingia ndani ya folda hiyo, na uiamuru File Explorer ikuonyeshe faili zilizofichwa pamoja na zile za mfumo zinazolindwa. Utakuta faili ambayo hukuiweka wewe, inaitwa desktop.ini. Ifungue kwa Notepad. Ndani yake kuna mistari kama hii:

[.ShellClassInfo]
IconResource=C:\Picha\hesabu.ico,0

Agizo lote ni hilo. Mstari wa kwanza ni kichwa cha habari. Wa pili unataja njia ya kufikia faili ya picha, halafu mkato, halafu namba. Namba ipo kwa sababu faili moja inaweza kubeba ikoni nyingi, na hesabu huanzia sifuri: 0 ni ya kwanza, 1 ni ya pili. Ukichagua ikoni kutoka shell32.dll, utakuta namba kubwa zaidi mahali hapo.

Itazame tena ile njia. Picha yenyewe haimo ndani ya desktop.ini. Kilichomo ni anwani yake. Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa uchungu. Nilipakua seti ya ikoni nzuri, nikaziacha kwenye folda ya vipakuliwa, na nikazipachika kwenye folda zangu za kazi nikiziteua kutoka hukohuko. Miezi ikapita. Siku moja nikafagia vipakuliwa vyote, na folda zaidi ya kumi zikarudi kuwa za njano kwa mpigo. Nilidhani diski imeanza kufa. Kumbe maagizo yote yalikuwapo, yakielekeza kwenye nyumba iliyokwisha bomolewa.

Tangu siku hiyo naweka faili ya ikoni ndani ya folda yenyewe, naificha, kisha nafungua desktop.ini na kufupisha anwani: badala ya kuanzia C:, naandika jina la faili tu, IconResource=hesabu.ico,0. File Explorer huelewa kwamba picha imo humohumo. Folda ikihamishwa, iwe kwenye flashi au kwenye kompyuta nyingine ya Windows, agizo na picha vinasafiri pamoja.

Kuna kitu kimoja zaidi kinachowachanganya wanaoandika desktop.ini kwa mkono. Unaandika kila kitu sawasawa, unahifadhi, na folda haibadiliki. Sababu ni kwamba File Explorer haichungulii ndani ya kila folda kutafuta agizo. Ingefanya hivyo ingekuwa nzito. Inachungulia zile tu zilizowekewa alama ya kusoma pekee au alama ya mfumo. Kwenye faili, alama ya kusoma pekee inazuia kuihariri. Kwenye folda haizuii lolote. Ni kama kengele mlangoni inayosema humu kuna maagizo. Unapopitia dirisha la sifa, Windows huiweka yenyewe. Unapoandika kwa mkono, unaiweka kwa kuandika, kwenye dirisha la amri (Command Prompt), attrib +r ikifuatiwa na njia ya folda. Ni hiyo alama pia inayopotea folda inapopitia programu fulani za kunakili au kubana faili, na hapo desktop.ini ipo, picha ipo, lakini sura haionekani.

Sababu ya tatu ya ikoni kukaidi ni akiba. Ili isichore upya kila mara, Windows huhifadhi nakala za ikoni katika faili zenye majina kama iconcache_16.db na iconcache_32.db, na kwa kuwa kila ukubwa una akiba yake, unaweza kuona ikoni mpya kwenye mwonekano wa picha kubwa huku orodha ndogo ikishikilia ya zamani. Faili hizo ziko ndani ya AppData\Local\Microsoft\Windows\Explorer. Zikifutwa na kompyuta ikawashwa upya, Windows hutengeneza nyingine.

Kwenye Mac kazi ni ya kunakili na kubandika. Fungua picha kwenye Preview, ichague yote, inakili. Bofya folda, bonyeza Command na I, kisha bofya ile ikoni ndogo iliyo juu kushoto mwa dirisha mpaka izungukwe na mstari, halafu bonyeza Command na V. Kuiondoa, bofya palepale na ubonyeze kitufe cha kufuta. Nyuma ya pazia, Finder imeweka faili iliyofichwa ndani ya folda, jina lake Icon likifuatiwa na herufi isiyoonekana, na tofauti na Windows, picha yenyewe imehifadhiwa humo. Ndiyo maana ukifuta picha ya asili, folda ya Mac haijali. Flashi iliyotoka kwenye Mac ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine na ukakuta faili za Icon usizozitambua, asili yake ni hiyo. Na tangu macOS Tahoe ya mwaka 2025, rangi, alama na emoji za folda huwekwa moja kwa moja bila kutafuta picha.

Linux inategemea unatumia mazingira gani, yaani seti gani ya programu zinazochora madirisha na menyu, kama KDE au GNOME. Dolphin ya KDE huandika agizo ndani ya folda, kwenye faili iliyofichwa inayoitwa .directory. Programu ya faili ya GNOME huliandika kwenye kumbukumbu za mtumiaji, nje kabisa ya folda, kwa hiyo sura unayoiona wewe hataiona mwingine utakayempelekea folda hiyo.

Sasa picha. Hapa ndipo watu wengi hupoteza saa nzima kisha wakakata tamaa, na mara nyingi kosa ni kusahau udogo wa mahali ikoni inapoishi. Kwenye orodha ya kawaida ya Windows, ikoni ina upana wa pikseli 16 na kimo cha 16. Hizo ni nukta 256 kwa jumla. Kwenye mwonekano mkubwa kabisa ni 256 kwa 256, yaani nukta 65,536. Picha ya watu sita waliosimama pamoja inapendeza kwenye ukubwa wa pili. Kwenye wa kwanza ni doa la kahawia.

Jaribu kuchora kamera kwa nukta 16 kwa 16. Boksi jeusi la upana wa 14 na kimo cha 9. Katikati duara jeupe la nukta 5. Kwenye kona ya juu, nukta moja ya njano kwa ajili ya mwanga. Basi. Ukiongeza mkanda, chapa au vitufe, kamera inapotea. Kitu kizuri kwa ikoni ndogo ni umbo moja lenye kingo zinazoonekana, kwenye rangi inayotofautiana na kilicho nyuma yake.

Kwa sababu hiyo faili ya .ico, aina ya faili ya ikoni za Windows, haibebi picha moja. Hubeba seti ya picha hiyohiyo kwa vipimo mbalimbali, mara nyingi 16, 32, 48 na 256, na mfumo huchukua kinachofaa kwa mwonekano uliopo. Ukitumia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, weka kila kipimo kwenye tabaka lake kisha uihamishe kama .ico, kila tabaka litakuwa saizi moja. Kubadilisha kiendelezi cha picha kutoka .png kuwa .ico hakuigeuzi kuwa ikoni, ni kuibadilisha jina tu. Na anza na PNG, usianze na JPEG: JPEG haijui uwazi, hivyo kila kitu kitatoka kikiwa kimekaa ndani ya kiboksi cheupe.

Folda ngapi zipewe sura mpya? Kwa maoni yangu, chache. Jicho hukamata kilicho tofauti na wenzake. Ukizipamba folda zote arobaini, umerudi ulikoanza, sasa ukiwa na makelele zaidi. Mimi nina tano, zile ninazozifungua kila siku. Na usiegemee rangi peke yake. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban 8 kati ya 100 hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na folda inayotumiwa na watu wengi ikitenganishwa kwa rangi hizo mbili tu, kuna ambaye anaziona zote sawa. Umbo humfaa kila mwenye kuona. Jina zuri la folda humfaa hata asiyeona, kwani programu ya kusoma kioo inasoma jina.

Kuna hasara ndogo kwenye Windows: folda yenye ikoni yako haitakuonyesha tena vijipicha vya yaliyomo. Kwa folda ya picha za safari, huenda ukaona ni afadhali uiache ilivyo.

Na kuna jambo la usalama. Kwa kuwa sura ni agizo tu, yeyote anaweza kuliandika. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Programu yoyote ya .exe inaweza kubeba picha ya folda ya njano, na virusi vinavyoenezwa kwa flashi vimeutumia ujanja huu kwa miaka mingi: vinaficha folda zako za kweli na kuweka mahali pake programu zenye jina na sura ileile. Unabofya ukidhani unafungua folda, kumbe unaendesha programu. Mwaka 2010 hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani kirusi kiitwacho Stuxnet kilitumia kasoro ya Windows iliyofanya kuonyeshwa tu kwa ikoni ya njia ya mkato kutoshe kuendesha msimbo, bila mtu kubofya chochote. Microsoft waliiziba Agosti mwaka huo.

Kwa hiyo unapofungua flashi ya mtu, badili mwonekano uwe wa orodha yenye maelezo na utazame safu ya aina. Folda ya kweli itaandikwa kuwa ni folda, hata ikivaa picha gani. Iliyoandikwa kuwa ni programu, au njia ya mkato, usiiguse. Unapopakua ikoni mtandaoni vilevile, unachotarajia ni faili za .ico, .png au .icns (ya ikoni za Mac), ukipewa kisakinishi kwa ajili ya picha ishirini, kifute.