Pilipili manga haikununuliwa kuficha uvundo

Bado tunasimuliwa kwamba Wazungu wa Zama za Kati walinunua pilipili manga ili kuficha uvundo wa nyama iliyooza. Bei yake tu inatosha kuikana hadithi hiyo. Pilipili ilitoka Malabar, India, ikapita Aden na Bahari ya Shamu hadi Misri, na Alexandria ndipo wafanyabiashara wa Venice walipoipakia. Njiani kote ushuru. (Sisi tuliipa jina la aliyetuletea: Manga ni Uarabuni.) Mwenye uwezo wa kuinunua hakushindwa kununua nyama iliyochinjwa asubuhi ile. Nyama ya akiba ilitiwa chumvi au kukaushwa kwa moshi. Pilipili ilikuwa fahari: Uingereza wapo waliolipa kodi ya ardhi kwa ratili ya pilipili.